Chapati Iliyovimba

Honi ililia mara mbili nje, kabla hakujakucha vizuri. Nasra hakutoka jikoni. Wifi yake, Mwajabu, aliingia na sare mpya mkononi, akamkuta Kibibi, binti wa Nasra mwenye miaka minne, amekaa kigodani, unga hadi kwenye nyusi, akisukuma chapati.

"Mvalishe upesi, gari la chekechea linangoja! Au utamfundisha chapati hadi aolewe?"

"Huko ni kutwa nzima, wifi. Atarudi magharibi amebebwa begani, hoi, kama watoto wa jirani."

"Ndiyo shule hiyo!"

Chapati ikavimba kwenye kikaango. Kibibi akaruka. "Mama, inapumua! Nani yuko ndani?"

"Unadhani nani?"

Mtoto aliitoboa kwa kijiti. Mvuke ukafuka. Akafikiri, mdomo wazi. "Maji! Yale niliyomimina mimi!"

Nasra alitoka mlangoni kifua mbele, akampungia dereva aende zake. Kisha akarudi, akachuchumaa mbele ya binti yake.

"Kesho uliza tena, mama. Na keshokutwa. Mpaka utimize miaka saba uanze shule, hakuna atakayekukatiza."