Nukta Iliyohama

Kila asubuhi, wakati wa chai, kila nyumba ililazimika kulinganisha picha mbili za anga la nyuma ya Neptuni kwenye kioo cha ukutani. Aliyeona sayari mpya kwanza ndiye aliyepelekwa kuichunguza, safari ya miaka arobaini.

"Mama, nukta hii imehama!" alisema Riziki, mtoto wa miaka sita, mdomo umejaa chapati.

Mwantumu akakisogelea kioo. "Vumbi hilo, mwanangu." Akapangusa kioo kwa ncha ya kanga. Nukta ikabaki palepale.

Kioo kikauliza: *Nani ameiona kwanza?*

Mwantumu akaandika jina lake mwenyewe.

Riziki, aliyejua kusoma juzi tu, akafuatisha herufi, akanuna.

"Aa, mama, si haki! Ni mimi niliyeiona! Mimi!"

Pembeni mwa kioo, taa ndogo ya kusikiliza ikawaka.