Usiache Kupiga

"Usiache kupiga," mama alisema, brashi mkononi. "Ukinyamaza, picha inanipotea."

Makubwa! Watu wengine wakichorwa huambiwa watulie. Yeye, mpiga gitaa, tangu asubuhi alikuwa kagandishwa kwenye kigoda akirudia wimbo uleule, kumridhisha mchoraji aliyemzaa. Nje, gari la bendi lilipiga honi. Kiongozi alishamwambia wazi: ukichelewa leo, nafasi yako anaichukua mwingine.

"Mama, nikirudi utamalizia."

"Ukirudi!" Mama alicheka. "Hata mwaka juzi uliniambia hivyohivyo. Kaa."

Akamsogelea, akampapasa uso taratibu, kuanzia kwenye paji hadi kidevuni, kama alivyomfanyia utotoni.

"Umekonda. Haya, mistari tayari. Sasa rangi."

Kumbe rangi bado! Kijana aliruka kwa hasira, goti likagonga meza, tyubu za rangi zikatawanyika sakafuni.

"Usiziguse!" mama alipiga kelele.

Lakini alishaziokota na kuzirudisha mezani ovyo ovyo.

"Umezipanga kama zilivyokuwa?"

"Kama zilivyokuwa, mama."

"Vilevile?"

"Mama jamani! Vilevile."

Mama akashusha pumzi, akaanza kupaka. Kijana akapiga gitaa huku roho iko garini. Alimpenda mama yake, ndiyo, lakini nyumba hii ilikuwa inammeza mzimamzima.

Honi ikalia tena, ndefu.

"Imekwisha," mama alisema ghafla. "Nenda, mwanangu. Usiitazame, bado mbichi. Utaiona siku ukirudi. Mimi sina shida yoyote, unasikia?"

Hakungoja kuambiwa mara mbili. Alimbusu, akachomoka kama mfungwa aliyeachiwa. Mguu mmoja ukiwa garini, akakumbuka mkanda wa gitaa.

Alirudi akinyata, asije akakalishwa tena. Mama alikuwa bado mbele ya picha, ametulia. Aliuchukua mkanda pale kigodani, lakini hamu ikamshinda, akazunguka nyuma ya mama kuchungulia.

Gitaa lilikuwa la bluu. Uso wake ulikuwa kijani kibichi, meno mekundu, na jicho moja lilikuwa shavuni.

Mkanda ulimponyoka, chuma chake kikagonga sakafu. Nje, honi ilikuwa ikilia bila kukoma.

Mama aligeuka, akamkazia macho, ana kwa ana.

"Nani hapo?" akauliza.