Kiti Kilichokataa Kumsahau Mwanahawa

Siku hizi kiti cha gari humtii mtu kinayemjua kwa uzito wake, na mtu huyo asipokikalia siku arobaini, kinamsahau. Mwanahawa alifariki miaka mitatu iliyopita, lakini kiti chake kilikuwa bado hakitaki kurudi nyuma. Magoti ya Tatu, mke wa sasa, yaligonga dashibodi kila safari.

“Ni waya tu huo,” mumewe Shamte alisema kila akiulizwa.

Tatu ni fundi umeme wa magari. Shamte alipokwenda msikitini, akakipima kiti. Fyuzi nzima, mota nzima, waya mzima. Kumbukumbu ya kiti ikamwonyesha: kilo hamsini na nane, alikaa jana.

Kumbe ana mwanamke! Akafungua buti kwa hasira kutafuta ushahidi, akakuta gunia la mchanga lililofungwa khanga ya Mwanahawa. Akalikokota hadi kitini. Kiti kikaunguruma taratibu, kikajisogeza kulipokea.

Mwanamke aliye hai angemfuata hadi kwao, wakasutana. Huyu wa mchanga atamfanya nini? Akachukua plaizi, akaukata waya wa kumbukumbu.

Shamte aliporudi, akamwambia, “Ulisema kweli, mume wangu. Ni waya.”

Shamte akabonyeza swichi ya kiti mara tatu, na kiti kikarudi nyuma bila ubishi. Kisha akaketi chini vumbini, akalia kama siku ile ya mazishi.