Maji ya Watu Wawili

Mama aliandika kwa kijiti kwenye mchanga wa uani, herufi moja moja, kisha akasogea pembeni ili binti yake aone. Kilikuwa Kiingereza.

"Haya, mwalimu, niambie hiyo."

Honorata aliweka chini kisu cha mihogo. Mama yake, Petronila, alijifunza kusoma mwaka uliopita tu, kwenye kisomo cha watu wazima pale Sofu, na tangu hapo alisoma kila kilichopita mbele yake, hata magunia ya mbolea. Lakini Kiingereza alikisoma kama Kiswahili, kila herufi kwa sauti yake, mpaka "tea" ikawa te-a. Honorata alicheka hadi machozi.

"Huyo Katekista Bartolomeo anawafundisha kuandika tu, matamshi hawafundishi?"

"Wewe nipe maana. Kucheka utacheka baadaye."

Maana yake ilikuwa hii: kila asubuhi bado nachemsha maji ya chai ya watu wawili.

"Mtu yuko peke yake, anachemsha ya wawili?" mama akauliza. "Si kuharibu kuni huko?"

"Si kuni, mama, ni mapenzi. Waandishi wa Kiingereza ndivyo walivyo, neno lenyewe linawashinda kutamka. Sisi mtu akipenda atasema, ataimba, atavaa kanga yenye maneno. Wao watakuandikia habari za birika na mwavuli, basi. Ukitaka kujua wanampenda nani, tazama nani anawekewa chai."

"Kwa hiyo huyu anapenda kweli?"

"Sana."

Mama akafuta maandishi kwa unyayo, akaketi kumenya mihogo.

Kicheko cha Honorata nacho hakikudumu. Edwin, kijana wa Kiingereza aliyekuwa akifundisha sekondari ya jirani, alikuwa amerudi kwao kumuuguza baba yake. Aliahidi kuandika kila wiki, na mvua za vuli zikianza arudi kumposa. Vuli ilikuja ikapita, wala mstari mmoja.

Barua za waumini wote zilipitia sanduku la posta la parokia. Kila Jumapili baada ya misa katekista alisimama mlangoni mwa kanisa akaita majina, na kila Jumapili Honorata alisimama pale, uso mkavu, akisikiliza majina ya wenzake. Wanawake wakaanza kumtazama kwa huruma. Huruma ile aliichukia kuliko kimya cha Edwin.

"Fimbo ya mbali haiui nyoka," mama alimwambia. "Leodegar huyu hapa, bwana shamba wa Kisarawe, mcha Mungu, na posa ameleta. Kisarawe mimi naenda na kurudi siku hiyo hiyo. Uingereza nitakwenda kwa miguu? Sina mtoto mwingine, Honorata."

Honorata aliomba asubiriwe hadi Pasaka.

Kwaresima nzima mama hakuacha masomo yake ya mchangani. Siku moja ilikuwa: leo mvua imenyesha, nikawaza kama una mwavuli. Siku nyingine: kile kiti cha dirishani sijamruhusu mtu kukikalia. Kila mara aliuliza lile lile, kama huyo aliyeandika anapenda kweli, na kila mara Honorata alimjibu kwamba anapenda mno. Hakucheka tena. Alimwonea wivu mwanamke huyo aliyeandikiwa, wa kitabu cha kisomo, mpaka akajionea aibu kwa kumwonea wivu mtu wa hadithi.

"Kitabu gani mnasomeshwa, mama?"

"Cha zamani. Jalada limetoka."

Wiki ya mwisho kabla ya Pasaka maandishi yalikuwa marefu, yakafika karibu na banda la kuku. Honorata aliyasoma akiwa amechutama: hii ni ya mwisho, sitakusumbua tena, ila mlango wa nyuma sitaufunga.

"Na mwanamke mwenyewe alijibu nini, mama?"

"Hakujibu."

"Hata neno moja?"

"Hata moja."

"Basi ana moyo wa jiwe huyo. Mimi ningeandikiwa hivyo, hata mara moja tu, ningekwenda huko kwa kuogelea."

Mama alifuta mchanga kwa mguu, akafuta tena hata pale palipokwisha kufutika.

Baada ya Pasaka Honorata akamkubali Leodegar. Hakumchukia. Lakini aliyemsukuma kusema ndiyo alikuwa Edwin, kwa kumsaliti vile, na hakutaka msaliti aje kusikia kwamba bado anangojwa. Hata pete ilipoingia kidoleni, moyoni alikuwa akisema: umenitupa, nami nimekutupa.

Nje ya kanisa, gari la idara ya kilimo lilikuwa tayari kuwapeleka maharusi Kisarawe. Mama alimkumbatia bintiye akalia kwa kwikwi, na hakuna aliyeshangaa, maana mama gani halii siku hiyo. Katekista Bartolomeo alikuja dirishani mwa gari kuaga.

"Shikamoo, Katekista. Nakushukuru kwa kumfundisha mama. Kile Kiingereza chenu kilinipa faraja mwaka huu, hujui tu."

"Marahaba. Kiingereza?" Mzee akacheka. "Mimi mwenyewe hata salamu yake siijui, mwanangu. Sisi ni Kiswahili na ufugaji wa kuku, basi."

Dereva akawasha gari. Katekista akainama, akashusha sauti kwa upole ili bwana harusi asisikie.

"Sasa zile barua zako za Uingereza tuzipeleke wapi? Mama yako alikuwa akija kuzichukua kila Jumamosi, alisema unaona haya jina lako kuitwa mbele za watu."