Kichanga cha Nyumba ya Mwokaji

Sheria inasema ukimfukua mfu, ni jamaa yako. Unakwenda naye nyumbani, unamwekea matanga, na mpaka arobaini yake ipite hakuna ngoma wala harusi. Mimi ni mchimbaji wa mambo ya kale; nachimba magofu ya nyumba ya mwokaji mikate katika mji wa kale wa Warumi. Harusi ya binti yangu Mwanakombo imeshaahirishwa mara mbili kwa sababu ya Warumi.

Leo asubuhi mke wangu, Mize, aliniambia, "Baba Mwanakombo, harusi ni Jumamosi. Ukiniletea Mrumi mwingine, utalala naye hukohuko."

Adhuhuri, nyuma ya tanuri, brashi yangu ilifichua fuvu dogo. Lilikuwa la kichanga. Nikatazama huku na huku, nikamfukia kwa viganja. Msimamizi alipokuja kuuliza kama kona ile ni tupu, wamwage zege la njia ya watalii, nilijibu, "Tupu."

Jioni Mize alinisubiri mlangoni. "Umekuja na nani?"

"Peke yangu."

Akapiga vigelegele, majirani wakaitikia. Mwanakombo akanibusu mkono.

"Baba, nikijaliwa mtoto wa kwanza, nitampa jina lako."

Watu wote wakasema amina. Mimi nilishindwa.