Biskuti Zilizomshinda Fisi

Fisi alifungua duka la biskuti za mbwa, na kila pakiti aliichorea paja la ng'ombe linalong'aa mafuta. Mama Tunu, mbwa asiyejua kutulia, akamnunulia mwanawe. Mtoto akaanza kujikuna hadi manyoya yakamtoka. Mama Tunu akazunguka nyumba, akazunguka tena, mwisho akaigeuza pakiti asome maandishi madogo ya nyuma. Kiungo cha kwanza, yaani kilichozidi vyote, kilikuwa pumba za mahindi. Ikafuata sukari, kisha rangi. Nyama yenyewe haikutajwa kabisa. Mkiani iliandikwa tu "ladha ya nyama".

Akatoka mbio hadi dukani.

"We Fisi, nyama iko wapi?"

"Si hiyo hapo mbele, mama? Paja zima!"

"Hiyo ni picha. Haya, kula moja nikuone."

Mbwa waliopanga foleni wakasimamisha masikio. Fisi, anayetafuna kwato na viatu vilivyooza bila kuuliza, akainusa biskuti yake, akageuza uso.

"Nimeshiba," akasema.

Foleni ikavunjika papo hapo, maana tangu fisi waumbwe hakuna aliyewahi kumsikia mmoja wao akisema neno hilo.