Vijiko vya Mama

Wanaorudi kutoka angani hukaa nyuma ya kioo siku mia sita, kila mmoja nyumbani kwake, hadi kinga ya mwili irejee. Mama, fundi wa vyombo vya angani, alikaa chumba cha uani. Nilimpitishia chakula kwenye kijidirisha, akala kwa kijiko. Mkono, alisema, ni wa kula sinia moja na wenzako. Tangu tumbo langu lianze kuonekana, vijiko vingine havikurudi. Sikumuuliza.

Leo siku zimetimia. Muuguzi alifungua mlango, nami nikaweka sinia la pilau mkekani.

“Mama, karibu tule.”

Hakusogea. “Saumu, wewe tetekuwanga hujawahi kuugua.”

“Sijawahi.”

“Yangu ya utotoni iliamka kule juu, na bado hunirudia. Ikikupata sasa, itamdhuru mtoto.” Akafunua kanga ubavuni. Malengelenge yalikuwa bado mabichi.

Muuguzi aliinamisha kichwa. “Sheria inamlinda yeye,” aliniambia. “Nyinyi haiwataji.”

Mama alinitazama tumboni, kisha akavuta mlango. Nikasikia komeo likiingia upande wa ndani, ambako hakukuwa na komeo. Miezi yote ile alikuwa akiliunda kwa vijiko vyangu.